Kitanda chenye Magurudumu: Historia ya Fundi Uwesu Jaffari wa Msasani

Assalaam alaykum ndugu waombolezaji, na kwa majirani zetu mliokuja kutoka makanisani, poleni na msiba, na kwa wazee wetu wa Nkunga mlioteremka na mvua hii tangu alfajiri, mugonile. Sheikh ametukumbusha kwamba maiti hacheleweshwi, na familia imekubali, kwa sababu kama kuna mtu ambaye hakuwahi kuvumilia kucheleweshwa ni huyu aliyelala humo ndani, ambaye angekuwa mzima angekwisha kuinuka katikati ya salamu hizi kwenda kuangalia kwa nini turubai linavuja pale pembeni. Basi tutasoma mambo yake kama yalivyokuwa, tangu mwanzo, na pale penye la kuchekesha msione haya kucheka, mwenyewe hakupenda misiba ya watu walionuna.

Marehemu Uwesu Jaffari alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 hapa hapa Tukuyu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Jaffari Alawi na Bi Nahla, mzaliwa wa Kiwira. Mzee Jaffari alikuwa fundi wa milango kutoka Kilwa, akapanda huku milimani kutengeneza mlango wa duka la jamaa yake, akasema anakaa wiki moja tu, mvua ikamzuia, na mpaka anafariki alikuwa bado anasema mvua ikikatika anarudi kwao. Bi Nahla alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu mbeleko ilimshinda, kila akimfunga mgongoni anapiga mateke mpaka anachomoka, na kwamba alipoanza kutembea hakuna aliyemwona ameketi tena isipokuwa wakati wa kula, na hata hapo goti moja lilikuwa juu.

Alisoma madrasa na shule ya msingi hapa mjini, kuanzia mwaka 1969 hadi 1975 alipomaliza darasa la saba, na walimu wake, baada ya viboko kushindwa kumtuliza, walimpa nyundo akarabati madawati, kwa hiyo aliyagongea misumari zaidi kuliko alivyoyakalia. Mwaka 1976 alipelekwa Mbeya kujifunza useremala kwa mjomba wake, akatoka huko fundi kamili, akafanya kazi za hapa na pale mpaka mwaka 1988 alipoajiriwa kuwa seremala katika mgodi wa makaa ya mawe kule Kiwira, ambako alikata magogo ya kushikilia paa za mashimo. Mwaka 1997 aliacha kazi hiyo kwa hiari yake, akarudi Tukuyu, akafungua karakana ile mnayoiona ng'ambo ya barabara, hapa hapa mtaani kwetu Msasani.

Tarehe 21 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Bi Mwanajuma Hasheem, na siku hiyo, wakati wageni wamekwisha kukaa na pilau imekwisha kupakuliwa, bwana harusi alitafutwa hakuonekana, akaja kukutwa amepiga magoti nyuma ya mlango na kanzu yake nyeupe, anakaza bawaba iliyokuwa ikilia. Bi Mwanajuma, ambaye yuko humo ndani na anatusikia, ametuagiza tusiache kuisoma habari hii, na tuseme pia kwamba katika miaka yote ya ndoa yao neno alilomwambia mumewe mara nyingi kuliko maneno mengine yote ni pumzika, na jibu alilopewa ni lile lile, kwamba atapumzika akifa. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, Shamimu aliyezaliwa mwaka 1990 na ambaye anaishi Dar es Salaam, Alawi aliyezaliwa mwaka 1993 na ambaye ni dereva wa malori ya Tunduma, na Samira aliyezaliwa mwaka 1998, ambaye aliukataa ushonaji, akaukataa na upishi, akaingia karakana ya baba yake na hajatoka mpaka leo.

Ndugu waombolezaji, wengi wenu hamkumjua marehemu kwa makabati wala milango, mlimjua kwa vitanda vya wagonjwa, na kazi hiyo ilianza vibaya kuliko mnavyofikiri. Mwezi Juni mwaka 2012 alimjia muuguzi, Sista Sophia, yule pale aliyevaa koti la mvua la bluu, ambaye kazi yake ni tiba shufaa, yaani kuwafuata majumbani watu wenye maradhi makubwa, wale ambao hospitali imefanya la kufanya, kuwatuliza maumivu na kuwasaidia waishi vizuri siku walizo nazo. Alimwomba marehemu aende naye Nkunga, kwa Mzee Andongwisye, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo alikuwa anashinda na kukesha kwenye kigoda, ameegemea magunia ya mahindi ukutani. Sista alitaka kitanda ambacho upande wa kichwa unainuka, mtu alale huku ameketi.

Marehemu alifika, akasalimu, na kwa vile hakujua kukaa bila kufanya kitu, hata chai hakusubiri, akachomoa futi yake ya chuma, akamwinamia Mzee Andongwisye pale kwenye kigoda, mzee akiwa na bakuli la mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, mapajani, akampima kutoka begani mpaka kisiginoni, kisha akampima na upana, na akavitaja vipimo kwa sauti. Nyumba nzima iligeuka ikamtazama, kwa sababu huku kwetu kila mtu anajua seremala anampima nani, na hakuna aliyewahi kuona fundi wa mbao akimpima binadamu kwa futi isipokuwa kwa sanduku. Dada yake mzee ndiye aliyepata sauti kwanza, akapiga yowe akisema, "Mwe! Bado anatafuna, huyu anampimia nini?" na yowe lile likavuka migomba, majirani wakalisikia wakaelewa walivyoelewa, wakaanza kuingia uani na kuni vichwani na mikungu ya ndizi, kama inavyopasa kwenye msiba, wakamkuta marehemu wao amekaa kigodani anawatazama. Fundi wetu alitimuliwa mpaka barabarani, futi yake ikarushwa nyuma yake, na Sista Sophia akabaki peke yake kuomba radhi, huku Mzee Andongwisye, kwa maelezo ya mwanawe Obed ambaye tuko naye hapa, akisema kwamba kwa kuwa ndizi zimekwisha kuja, basi zipikwe.

Mtu mwingine angesusa. Marehemu alirudi Nkunga baada ya siku chache, bila futi, amebeba mkungu wa ndizi wa kulipa ile mikungu, akaomba maji ya kunywa, akaketi kwenye kile kitanda cha zamani cha mzee, akaanza kubishana naye habari za bei ya chai na ng'ombe wa jirani anayekula mahindi ya watu, na katika kubishana huko kiganja chake kilikuwa kinatembea ukingoni mwa kitanda, shibiri kwa shibiri, na macho yake yanapima mabega, na hakuna aliyetambua. Kitanda kilipofika kilikuwa na mgongo unaoinuka na kushikwa na meno ya mbao, kama ngazi ndogo, ili mwenye nyumba auweke anapotaka, na siku ya kwanza Mzee Andongwisye alipokilalia alipitiwa na usingizi kabla hajamaliza kushukuru, wakasikia tu "ndaga" na "fijo" haikutoka. Aliishi kwenye kitanda kile hadi mwaka uliofuata, na alipokufa, alikufa ameegemea, anaongea.

Kuanzia hapo marehemu akawa kiguu na njia, leo Kiwira, kesho Nkunga, keshokutwa vijiji vya huko juu kwenye ukungu, nyuma ya pikipiki ya Sista Sophia au peke yake, akitengeneza vitanda vya kuegemea, viti vya choo vya kukaa kando ya kitanda, na vishikizo vya ukutani kwa wanaojikongoja, na popote alipokwenda, futi ilibaki karakana, na Samira alipoanza kufuatana naye alimpa amri moja kubwa kuliko zote, kwamba mgonjwa hapimwi kwa futi, hata siku moja, hata akiomba.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo wengi mliyashuhudia lakini hamkujua sababu zake. La kwanza, wagonjwa walimpenda kwa ule ule utukutu wake, maana nyumba ya mgonjwa huku kwetu inajaa watu wema wanaokuja kukaa, wanakaa kwenye mikeka na mabenchi, wameshika tama, wanamtazama mgonjwa, na mgonjwa naye anawatazama wanavyomtazama, lakini huyu akiingia anaanza kugonga dirisha lisilofunga, anarandaranda, anamwuliza mgonjwa nyundo ameiweka wapi ilhali mgonjwa hajashuka kitandani mwezi mzima, na mgonjwa anasahau kidogo kwamba yeye ni mgonjwa. La pili ni lile la barazani, kwamba kitanda kiliporudi baada ya mwenyewe kufariki hakuna aliyekitaka, watu walisema kina mkosi, kimekwisha kuonja mauti, basi marehemu alikuwa anakifungua chote, anakipiga randa upya, anakiunga, anakitoa barazani pale karakana, halafu anapanda na viatu vyake, anaegemea, mguu juu ya mguu, kikombe cha chai mkononi, anasalimiana na wapita njia, mpaka Msasani nzima imemwona amelala pale na hajafa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara pekee mtu kumwona amelala mchana, na hata hapo alikuwa kazini.

Tunafika sasa kwenye ugonjwa. Mwezi Mei mwaka 2024 marehemu alianza kupata shida ya kumeza, akasema ni pilipili, akaacha pilipili, akasema ni vumbi la mbao, akajifunga kitambaa, akaacha ugali, akahamia kwenye uji, suruali ikaanza kumpwaya, na alikuwa anaondoka mezani kabla ya wengine ili asionekane anavyohangaika na tonge. Mwezi Septemba wanawe walimshika wakampeleka Mbeya, kisha Dar es Salaam, ikaonekana ni saratani ya koo la chakula, na imekwenda mbali. Daktari aliongea naye mwenyewe, kwa sababu alikataa kabisa watu wapewe habari zake kwa niaba yake, akawekewa kimrija cha kupitisha chakula laini, akaelezwa kwamba kuponywa haiwezekani na kutulizwa kunawezekana, akaitikia vizuri, akauliza basi la kurudi Tukuyu linaondoka saa ngapi.

Na hapo, ndugu zetu, ndipo familia hii ilipopata tabu ambayo haijawahi kuipata. Mtu aliyewalaza wagonjwa wa nusu ya wilaya alikataa kulala. Alikuwa akilala chali uji unapanda, anakohoa mpaka macho yanatoka, kwa hiyo kilichomfaa ni kitanda cha kuegemea, na kitanda cha aina hiyo kilikuwepo karakana, kimekwisha kupigwa randa, lakini Alawi na wenzake walipokiingiza ndani kwa mlango wa mbele, baba alikitoa kwa mlango wa nyuma, na nguvu za kufanya hivyo hatujui alizitoa wapi. Alisinzia amesimama, ameegemea benchi lake la kazi, alisinzia ameketi juu ya rundo la mbao, aliamka anazunguka, anaanza kabati hamalizi, anaanza kiti hamalizi, anatoka, anarudi, na sisi nyuma yake roho mkononi. Dawa ya maumivu aliyoletewa na Sista Sophia, mofini ya maji, alikuwa anainywa nusu na kuificha nusu, akisema inampa usingizi, na kwake usingizi ulikuwa adui. Mwezi Novemba alianguka karakana, akapasuka kwenye nyusi, na damu haijakauka akawa anatafuta msumeno.

Bi Mwanajuma alimwambia pumzika kwa upole, akamwambia kwa ukali, mwisho akamwambia kwa machozi. Sheikh alikuja, wazee wakaja, hata Obed alikuja kutoka Nkunga kumkumbusha ya baba yake, na wote aliwajibu kwa kuwaonyesha kiti kinacholegea na kuwauliza kama kwao kuna kingine. Ni Sista Sophia peke yake aliyemwuliza anaogopa nini, na kwake alijibu, tena akiwa anasugua ubao, hakumtazama, kwamba yeye amepeleka vitanda vingi, ameona, siku kitanda kinapoingia ndani ndiyo siku watu wanapoanza kuja kukaa, na mtu aliyekuwa anaitwa kwa jina lake anaanza kuitwa mgonjwa, na hatoki tena. "Kufa nitakufa, Sista, hilo sina ugomvi nalo," alisema, "ila kutazamwa sitaki." Sista alikuja kutuambia sisi familia maneno hayo kwa ruhusa yake, na tulikaa nayo, tukiwa hatujui tuyafanyie nini, na maumivu yake yakiwa yanazidi.

Samira alijaribu kwanza kwa njia aliyofundishwa. Alikwenda kwa baba yake akaomba maji, akaketi karibu naye, akaanzisha ubishi wa bei za mbao, kiganja kikaanza kutembea, na baba, ambaye njia hiyo aliibuni mwenyewe, aliinuka akamwacha na kikombe chake. Alijaribu tena, ikawa vile vile. Basi siku ya Jumamosi, tarehe 23 Novemba, baada ya adhuhuri, nyumba ikiwa na wageni waliokuja kumjulia hali, baba akiwa amesimama katikati yao ameshikilia nguzo kwa sababu miguu inatetemeka na kukaa hataki, Samira aliingia na futi ya chuma mkononi. Hakuomba maji, hakusalimu, aliivuta futi ikalia ile kelele yake, akaiweka begani kwa baba yake mbele ya watu wote, akainama nayo mpaka kisiginoni.

Shangazi yake alishika kichwa akaanza kulia. Mzee mmoja alitaka kumtoa nje. Sisi wengine tulipigwa butwaa, kwa sababu jambo lile alilikataza baba mwenyewe, na miaka kumi na miwili nyuma lilimfukuzisha Nkunga, na binti yake analifanya juu ya mwili wa baba huyo huyo, kweupe, machozi yakimtiririka. Marehemu alimtazama, akaitazama futi, kisha akasema, "Hivyo ndivyo unavyoshika futi? Umeipinda," akainyoosha, akaishika ncha mwenyewe begani kwake, akaibana kwa kidole gumba. Kisha akasema maneno ambayo kila aliyekuwepo anayakumbuka, "Pima. Lakini cha kunilaza sikitaki, nataka cha kunitoa." Naye Samira, akiwa bado amepiga magoti pale chini, akajibu, "Basi nitakiwekea magurudumu, baba."

Hapo ndipo marehemu alipoketi. Aliketi kwenye kigoda pale karakana, kwa hiari yake, akawa anaelekeza, na Samira na Alawi wakawa wanafanya, na dawa yake akainywa yote bila kuificha, kwanza kwa majaribio, ili aone kama kweli akili itamtoka kabla kazi haijaisha, na alipoona kwamba usingizi wa siku za mwanzo umepungua, maumivu yametulia, na kosa la randa ya Alawi bado analiona kutoka mbali, alimwambia Sista kwamba dawa hii ameiwekea uadui bure. Magurudumu yalitoka kwenye matoroli manne ya kubebea zege, mgongo ukawekewa meno kama ya kitanda cha Nkunga, na pembeni ikatoboliwa sehemu ya kuwekea kikombe, maana mwenyewe alisema hawezi kutembea mjini bila chai.

Tarehe 5 Desemba kitanda kilitoka, na vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu, wakiongozwa na mwenyekiti wao Jackson, wakaja kumsukuma. Ndugu zetu mnaotoka mbali mjue kwamba Tukuyu haina tambarare. Kilisukumwa vizuri mpaka pale juu kwenye kona, marehemu ameegemea na balaghashia yake, anasalimu huku na huku, Jackson akaachia mkono mmoja apokee simu, na hapo hapo ikajulikana kitu ambacho mafundi wawili na dereva wa malori wa familia moja walikuwa wamekisahau. "Mzee, hii chuma haina breki!" alipiga kelele Jackson, kitanda kikiwa kimekwisha kuondoka, kikashuka na barabara, kikampita mama wa maparachichi, kikalipita duka la dawa, sisi nyuma tunakimbia na tasbihi zinadondoka, kikaingia kwenye majani ya mabingobingo ya ng'ombe kule chini kikasimama. Tulipofika tunahema, tukitarajia makubwa, tulimkuta amejiinua kwa kiwiko, majani kichwani, anacheka mpaka anakohoa, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba Samira ana kosa lake na yeye ana lake. Jioni ile ile kikawekewa breki, kipande cha tairi na mkono wa chuma, na mkono huo ukawekwa nyuma, kwa msukumaji, jambo ambalo alilipinga sana, akashindwa kwa kura za nyumba nzima.

Kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyekuja nyumba hii kukaa na kumtazama, kwa sababu kila aliyekuja alimkosa. Aliyetaka kumwona alimfuata msikitini kwenye kivuli cha ukuta, au sokoni, au kwenye karakana akimkosoa mtu, na mara mbili Alawi alikipakia kitanda chote kwenye gari akampeleka kwa wagonjwa wenzake, Kiwira na Nkunga, wakaegemea ubavu kwa ubavu, kila mmoja na kitanda chake, wakasemana. Mwili ulikuwa unaisha, tusidanganyane, uji ukawa vijiko, sauti ikawa ya kunong'ona, kulikuwa na siku za maumivu makali mpaka Sista apigiwe simu aje aongeze dawa, lakini hakuitwa mgonjwa, aliitwa fundi, kwa jina lake, mpaka mwisho.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa Februari safari zilifupika, kwanza mpaka kona, halafu mpaka barabarani, halafu mpaka hapa barazani. Jana Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, alasiri, aliomba kutolewa nje aione karakana, mvua ilikuwa imekatika kidogo, jambo ambalo marehemu baba yake aliishi akilingoja, na jua lilikuwa linapiga kwenye maranda ya mbao mlangoni. Bi Mwanajuma alikuwa amemshika mkono, Samira yuko nyuma ameshika mkono wa chuma, akawa anakisogeza kitanda mbele kidogo na nyuma kidogo, kama alivyozoea, kwa sababu baba yake hakupenda kikisimama kabisa hata kinapokuwa hakiendi popote. Kisha marehemu alisema, kwa sauti ambayo Samira aliisikia vizuri kabisa, "Samira, weka breki." Samira akaweka. Akajiegemeza, akafumba macho, shahada ikamtoka midomoni, akapumua taratibu kwa kitambo, halafu akaacha. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Familia inamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila alilolipitisha, inawashukuru madaktari wa Mbeya na wa Dar es Salaam kwa kumwambia ukweli kwa heshima, na Sista Sophia na wenzake wa tiba shufaa, ambao walikuja na mvua na matope, wakatufundisha kupima dawa kwa bomba la sindano bila kuogopa, na wakamwuliza swali ambalo sisi ndugu zake hatukuwahi kumwuliza. Tunawashukuru watu wa Nkunga kwa kuni na mikungu ya ndizi, safari hii mmekuja kwa wakati wake, tunawashukuru majirani wa Msasani, Waislamu na Wakristo, vijana wa bodaboda, mama wa maparachichi, mwenye mabingobingo ambaye alikataa hata kusikia habari ya majani yake, na mafundi wote waliofanya kazi naye tangu mgodini, na kwa ambaye hatukumtaja tunaomba asione tumemsahau, ni msiba.

Tangazo moja la familia. Kuna mama kule Kiwira anasubiri kitanda, naye hawezi kulala chali, kwa hiyo kitanda hiki hakibaki hapa kuwa kumbukumbu. Samira amekwisha kukifungua tangu asubuhi, amekipiga randa, amekiunga, na tukirudi kutoka makaburini mtamwona pale barazani ameegemea na viatu vyake na kikombe cha chai, msimshangae, mpiteni mumsalimie, kesho kinaondoka.

Na wewe Uwesu, ulimwambia mkeo kwamba utapumzika ukifa, na hukuwahi kuvunja ahadi ya kazi. Breki imewekwa, na aliyeiweka ni mtoto wako, uliyemtuma mwenyewe. Pumzika sasa, fundi, kwa amani.